Barafu Iliyo Chini ya Uwanja wa Kikapu

Watu wengi huamini kwamba katika kumbi za michezo kama Madison Square Garden ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1968 na kutumika kwa kikapu, magongo ya barafuni, ndondi na muziki, barafu huyeyushwa kila mchezo unapobadilika. Dhana hiyo inaeleweka, kwani mtazamaji wa kikapu huona mbao kavu tu.

Kwa kawaida, hata hivyo, barafu hiyo yenye unene wa takriban sentimita 3 hubaki pale pale, ikigandishwa na kimiminika baridi kinachopita katika mabomba yaliyozikwa ndani ya zege. Mafundi huifunika kwa vibao vinavyozuia baridi kupanda, kisha huunganisha juu yake vipande vya sakafu ya mbao, kimoja baada ya kingine, mpaka uwanja wenye urefu wa mita 28.65 ukamilike. Ni kazi ya usiku inayostahili heshima kubwa.

Anayetaka kuhakikisha na alinganishe ratiba za ukumbi: magongo yakichezwa leo usiku na kikapu kesho, kisha magongo tena keshokutwa, ajue kwamba kugandisha barafu mpya, tabaka jembamba juu ya jingine, si kazi ya saa chache.