Mtoto wa chupa akikua, mwili wake unaikumbuka maabara?

Barazani Kisenyi, hapa Kampala, Hajji mmoja muuza nafaka alitoa hukumu kabla kahawa haijapoa: "Hao watoto wa chupa ni kuku wa kizungu. Wanakua upesi, lakini miguu haiwabebi." Tukacheka. Hata hivyo, ndani ya mzaha wake kuna swali la haki: mtu aliyetungwa maabara, akishafika utu uzima, afya yake inakuwaje?

Uganda ilimpata mtoto wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka 2004, katika hospitali ya Dkt. Edward Tamale Sali kule Bukoto. Piga hesabu, huyo si mtoto tena. Wa kwanza duniani, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978, na waliomfuata wameshapita milioni 10.

Hiyo chupa yenyewe haipo. Kuna kisahani cha plastiki, kipana kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa kwa kidogo tu, kinachokaa ndani ya sanduku lenye joto la nyuzi 37, sawa na mwili. Yai na mbegu ya mwanamume hukutana humo. Baada ya siku 3 hadi 5 kiinitete, yaani mimba changa, hurudishwa tumboni, na miezi yote inayobaki ni kazi ya mama. Lakini siku hizo chache ndizo ambapo vinasaba huwekewa alama za kuamuru kipi kifanye kazi na kipi kinyamaze. Hofu ya watafiti ilianzia hapo: maji ya kisahani yakizivuruga alama hizo, je?

Kuna waliopata sababu ya kuogopa. Huko Uswisi, vijana 54 wa maabara, wenye umri wa miaka kama 16, walipimwa presha kwa saa 24. Wanane walikuwa na presha ya juu. Kati ya wenzao 43 waliotungwa kawaida alikuwa mmoja tu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018 na yaliwashtua wengi, ingawa 54 ni watu wa kujaza teksi nne za abiria kumi na wanne, na nafasi ikabaki.

Melbourne, Australia, walikwenda mbali zaidi. Waliwaita watu 193 wa maabara, wa miaka 22 hadi 35, wakawalinganisha na 86 wa kawaida: moyo, mishipa ya damu, mapafu, kimo na uzito. Hawakuwa nyuma ya wenzao. Kilichonivutia mimi ni tone la damu. Walipokuwa wachanga walichomwa kisigino, damu ikakaushwa kwenye kadi na kadi ikahifadhiwa. Ilipolinganishwa na damu yao ya ukubwani, tofauti nyingi za zile alama zilizoonekana wakati wa kuzaliwa zilikuwa zimefifia. Kisha mwaka 2023 zikaunganishwa takwimu za watoto na vijana zaidi ya 35,000, wa maabara na wa kawaida kwa pamoja, kutoka Ulaya, Australia na Singapore. Tofauti za presha na mafuta ya damu zilikuwepo, lakini ndogo.

Sasa, kama kuna jambo la kumnyima mtu usingizi hapa kwetu, mimi naliona kwingine: pacha. Buganda, mama wa pacha ni Nnalongo na baba ni Ssalongo, majina ya heshima ambayo mtu hufa nayo. Mke aliyesimangwa miaka kumi kwamba hazai, akiulizwa na daktari virudishwe viinitete vingapi, atajibu nini? Viwili, vitatu, Mungu akipenda! Tena kila jaribio linalipiwa mamilioni ya shilingi, kwa hiyo anataka amalize safari kwa nauli moja. Wifi na mama mkwe nao wameshaanza kuita Wasswa na Kato, majina ya pacha wa kiume. Ila pacha huzaliwa njiti mara nyingi zaidi, wakiwa na uzito mdogo, na mtoto wa uzito mdogo ndiye anayeelekea zaidi kupata presha na kisukari ukubwani, awe ametungwa maabara au nyumbani. Ndiyo maana nchi nyingi zimehamia kurudisha kiinitete kimoja kimoja.

"Na wenyewe wanazaa?" Hajji aliuliza. Wanazaa, nikamwambia, ila wavulana wana kisa chao. Kuna njia ambapo mbegu moja huchomwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele, na hutumika hasa baba akiwa na mbegu chache. Brussels waliwapima wana 54 wa njia hiyo walipofika miaka 18 hadi 22. Mbegu zao zilikuwa takriban nusu ya za vijana wengine, na dhana inayoaminiwa zaidi ni kwamba wameirithi hali ya baba zao. Kama ni hivyo, kisahani hakina kosa hapo.

Kwa wasichana nilikuwa na jibu fupi. Natalie, mdogo wake Louise, naye wa maabara, alijifungua mwaka 1999 kwa mimba ya kawaida. Louise mwenyewe akafuata mwaka 2006.

Hajji akasogeza kikombe kijazwe tena. "Basi," akasema, "hao ni kuku wa kienyeji."