Je, wajua kwa nini samurai alidaiwa na dalali wa mchele?

Japani ilipotawaliwa na ukoo wa Tokugawa, kuanzia 1603 hadi 1868, samurai, yaani mpiganaji anayemtumikia bwana, alihesabiwa juu ya mkulima, fundi na mfanyabiashara. Panga mbili kiunoni, refu na fupi, zilikuwa alama yake. Lakini katika karne ya 18 mjini Edo, ndiyo Tokyo ya leo, samurai huyohuyo alikuwa akibisha hodi kwa dalali wa mchele kuomba akopeshwe posho ambayo bado haijatoka. Kilichomfikisha hapo ni namna alivyolipwa.

Zamani samurai wengi walikaa vijijini na kuishi kwa mashamba yao. Mwaka 1588 Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani kabla ya Tokugawa, aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha, na mwaka 1591 akawakataza wapiganaji kugeuka wakulima au wachuuzi. Wengi wakahamishiwa miji iliyozunguka ngome za mabwana wao. Aliyeondolewa shambani hana budi kulishwa, na chakula hicho kilipimwa kwa koku. Koku moja ni takriban lita 180 za mchele, uzito wa kama kilo 150, na ilikadiriwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Bwana mwenye eneo la koku 10,000 au zaidi aliitwa daimyo. Ukoo wa Maeda wa Kaga ulipita koku milioni moja.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapochanganya mambo. Koku 100 za cheo hazikuwa koku 100 za mfukoni. Mwenye ardhi ya koku 100 alihesabiwa mavuno yote ya ardhi ile, na kwa kawaida fungu lake lilikuwa 4 kati ya 10. Yaliyobaki yalikuwa ya mkulima. Watumishi wadogo wa shogun, mtawala mkuu wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa, hawakuwa na ardhi kabisa. Walilipwa kwa magunia yaliyosukwa kwa majani makavu ya mpunga, kila gunia likiwa na koku 0.35. Kwa hiyo mtu wa magunia 100 alipata koku 35, na hizo ni za kula yeye, mke, watoto na mtumishi, kisha kuuza zinazobaki ili apate fedha ya kuni, mafuta ya taa, nguo na chumvi.

Mchele wenyewe ulitoka kwenye maghala ya shogun huko Asakusa, ukingoni mwa mto Sumida, mara tatu kwa mwaka: robo majira ya kuchipua, robo kiangazi, na nusu kuelekea baridi. Siku ya malipo mtu alileta kikaratasi chenye jina lake, kikabanwa kwenye kijiti na kuchomekwa kwenye furushi la majani karibu na lango la ghala, kisha akangoja aitwe. Kungoja kulichosha, na kubeba magunia na kutafuta mnunuzi kulichosha zaidi. Wakazuka watu wa kufanya kazi hiyo kwa niaba yake, wakaitwa fudasashi, yaani wachomeka vikaratasi. Mwaka 1724 walitambuliwa rasmi kama chama cha madalali 109, na mtaa wao ukajulikana kama Kuramae, mbele ya maghala.

Ada yao ilikuwa ndogo. Utajiri wao ulitokana na mikopo, kwa sababu dalali ndiye aliyepokea posho ya mteja wake. Alijikata kwanza deni na riba, ndipo akamkabidhi mwenyewe kilichosalia. Kilichosalia hakikufika msimu ujao, basi samurai akakopa tena juu ya posho inayofuata. Ilikuwa kukopa harusi, kulipa matanga.

Uzembe si maelezo ya kutosha. Posho ilirithiwa na haikuongezeka kwa kuwa maisha yamepanda. Babu akilipwa magunia 100, mjukuu naye alipata 100. Bei nayo ilimwumiza pande zote mbili: mavuno yakiwa mengi, mchele anaouza ulishuka bei, lakini nguo na mafuta havikushuka sawasawa. Shogun Yoshimune alihangaikia jambo hili hadi akapewa jina la shogun wa mchele. Mwaka 1730 serikali yake iliidhinisha soko la Dojima mjini Osaka, ambako watu waliuziana hata mchele ambao haujafika, nayo serikali ikitumaini kwamba bei itapanda. Mabwana waliobanwa na madeni yao wenyewe walikuwa “wakiazima” sehemu ya posho za watumishi wao, na mara nyingi haikurudishwa.

Samurai wa ngazi ya chini wakatafuta kazi za mkono. Wa mtaa wa Aoyama mjini Edo walitengeneza miavuli ya karatasi, wa mtaa wa Okubo wakakuza maua ya azalea ya kuuza.

Mwaka 1789 waziri Matsudaira Sadanobu alifuta madeni ya tangu 1784 kurudi nyuma, na mapya yakapangiwa riba nafuu ya kulipwa kwa awamu. Madalali walipoteza zaidi ya ryo milioni 1, yaani sarafu za dhahabu za wakati huo. Riba ya mikopo mipya ikashushwa kutoka asilimia 18 hadi 12. Samurai walishangilia kwa muda mfupi, kwani madalali walifunga mkono, na msimu uliofuata aliyeishiwa hakuwa na pa kukopa. Posho zenyewe zilidumu hadi 1876, serikali ya Meiji, iliyoshika nchi baada ya utawala wa Tokugawa, ilipozigeuza kuwa hati za dhamana zenye riba. Mwaka huohuo ikapiga marufuku kubeba panga hadharani.