Waya, pawabanki na ruta: soma namba kabla ya kununua

Laptopu nyingi zinazoletwa kwangu kwa tatizo la kuchaji polepole huwa na betri nzima na chaja nzima, na kasoro iko kwenye waya. Kichwa cha USB-C kina umbo moja, lakini nyaya zenye kichwa hicho zinatofautiana mno. Waya wa kawaida wenye USB-C pande zote mbili hupitisha ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60. Ili kuvuka kiwango hicho, waya lazima uwe na chipu ndogo inayoijulisha chaja kwamba unahimili ampea 5; chaja isipopata taarifa hiyo haitavuka ampea 3, hata kama ubavuni imeandikwa wati 100. Kwa hiyo mwenye laptopu ya wati 65 au zaidi atafute waya ulioandikwa wati 100 au 240.

Namba ya pili ni ya kasi ya data, na wauzaji wengi hawaitaji. Nyaya nyingi za kuchajia huhamisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, yaani kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000. Video za harusi zenye gigabaiti 50 (baiti moja ni biti nane) zitachukua karibu dakika 14 kwa hesabu ya karatasi, na kwa kweli zaidi ya hapo, ilhali waya wa gigabiti 10 ungezimaliza kwa dakika chache, mradi diski nayo iwe na kasi.

Kuhusu pawabanki nitasema machache. Miliampea-saa 10,000 zilizoandikwa juu yake zimepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, sawa na wati-saa 37, na sehemu ya nishati hiyo hupotea kwa joto wakati wa kubadilisha volti. Simu yenye betri ya 5,000 haitajaa mara mbili, na hilo si lazima liwe wizi wa muuzaji.

Kifaa ninachokisifu kuliko vyote ni betri ndogo ya akiba ya ruta (kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani); betri hiyo wengi wanaiita mini UPS. Umeme ukikatika, simu na laptopu huendelea kwa betri zao, lakini ruta huzima na kazi zote husimama. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na ampea 1, wati 12 kwa kiwango cha juu. Upo pia waya wa bei nafuu unaopandisha volti 5 za pawabanki hadi 12, nami siukatai, ila wati 12 kwa volti 5 zinahitaji ampea 2.4 kabla ya kuhesabu upotevu. Tundu la pawabanki lisilotoa ampea 3 litaifanya ruta ijizime na kuwaka kila mara. Vilevile pawabanki nyingi hukata umeme kwa sekunde chache zinapochomekwa au kuchomolewa kwenye chaja, jambo ambalo mini UPS imeundwa kuliepuka.

Kabla ya kulipa, linganisha volti zilizoandikwa chini ya ruta na zile za betri, kisha hakikisha mchoro unaoonyesha kama chanya (upande wa +) iko katikati ya pini unafanana kwenye vyote viwili, kwa maana ukikosea hapo unaweza kuiunguza ruta.