Ukikata kona, simu nayo inakata

Umesimama Mtaa wa Kongo, Kariakoo, unaongea na simu bila shida. Unakata kona kuingia kichochoroni, hatua tano tu, na mwenzako anaanza "haloo, haloo". Mnara haujahama, ghorofa ndilo limeingia kati yenu.

Sisi wahandisi wa redio hujaribu kuliona hilo kwenye kompyuta kabla antena haijafungwa. Fomula tunayoanza nayo ilizaliwa barabarani. Miaka ya 1960, Mjapani Yoshihisa Okumura na wenzake walipima mawimbi kwa gari Tokyo na viunga vyake, wakachapisha grafu zao 1968. Mwaka 1980 Masaharu Hata akazigeuza kuwa fomula. Ipe masafa ya wimbi (mitetemo yake kwa sekunde), umbali, kimo cha antena na cha simu, itakwambia nguvu kiasi gani inapotea njiani. Mahali peupe, umbali ukiongezeka maradufu nguvu hubaki robo. Mjini, kwa fomula ya Hata na antena ya kimo cha mita 30, haifiki hata moja ya kumi na moja.

Ila fomula hiyo haioni ghorofa lako. Inatoa makadirio ya mji mzima, tena kwa umbali wa kilomita 1 hadi 20, na Kariakoo tunahesabu mita. Kwa hiyo tunaipa kompyuta ramani ya majengo na vimo vyake, inarusha miali kutoka kwenye antena na kuifuata mmoja mmoja: huu umegonga ukuta ukarudi, ule umepinda kwenye ukingo wa paa, mwingine umeishia kwenye zege.

Utamu uko pale miali inapokutana kwenye simu. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi. Mwali mmoja ukizunguka nusu ya hapo zaidi ya mwenzake, wanafutana. Sentimita 17, karibu upana wa kichwa: kuhamishia simu sikio la pili kunaweza kuokoa maongezi.

Mimi ramani zenye rangi za kupendeza siziamini mpaka nitembee. Ghorofa jipya halimo kwenye ramani ya mwaka juzi, na vioo vyenye utando wa chuma kompyuta huvidhania vya kawaida usipoiambia. Tunabeba vipimo, tunazunguka mtaa kwa mtaa, ndipo tunasahihisha hesabu.

Na mara nyingi dawa si mnara mrefu zaidi, kama tunavyoombwa. Antena ikipaa sana, mawimbi hupita juu ya mapaa na kwenda kugombana na minara ya mbali yenye masafa yaleyale. Tunaiinamisha digrii chache, au tunafunga antena ndogo chini ya usawa wa mapaa, ikitazama mtaa wenyewe.