Ndege Ile Haitafuti Dhahabu: Jinsi Miamba ya Usambara Inavyolinganishwa Kutoka Angani

Ndege ndogo ikipita chini juu ya mashamba ya Muheza au Korogwe, ikaenda na kurudi kama mtu anayepiga matuta, uvumi huwa ni mmoja: wameona dhahabu. Ndege haioni dhahabu, wala haioni rubi za Bonde la Umba. Inapima tabia mbili za mwamba, yaani usumaku wake na mionzi hafifu inayotoka humo. Swali letu wanajiolojia ni la undugu: jiwe la Amani, kule Usambara Mashariki, na jiwe la Umba ni ukoo mmoja, au wamekutana tu ujirani?

Usambara ni miamba iliyopikwa kwa joto na mgandamizo, kilomita nyingi chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Jamaa zake wako Pare, Uluguru, na Taita ng'ambo ya mpaka. Arthur Holmes aliuita ukanda huu Mkanda wa Msumbiji mwaka 1951. Tatizo ni kwamba huwezi kuufuata kwa miguu bila kukatika njiani. Udongo mwekundu, msitu na mkonge vimeufunika.

Tuanze na sumaku. Uga wa sumaku wa dunia hapa Tanga ni takriban nanotesla 33,000 (nanotesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), na mwamba wenye magnetaiti, yaani madini ya chuma yenye usumaku, huongeza au kupunguza makumi au mamia tu. Jua nalo hutikisa uga huo kila siku, kwa hiyo kipimo kingine huachwa chini kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha mtikisiko huo unatolewa kwenye hesabu. Chokaa ya Amboni ni kimya kabisa. Naisi, yaani miamba iliyopikwa yenye mistari-mistari, zikiwa na magnetaiti hupiga kelele.

Ila sisi tuko karibu na ikweta, na hapa ndipo wageni hukosea. Uga wetu umelala zaidi kuliko kusimama, hivyo alama ya sumaku haikai juu ya mwamba wenyewe. Mara nyingi husogea pembeni, ikiwa na upande wa juu na upande wa chini. Mwamba uliolala kaskazini-kusini, kama ilivyo mingi katika mkanda huu, alama yake hufifia. Mtu akisoma ramani hiyo kwa macho ya Ulaya, ambako uga umesimama zaidi, atachimba pasipo kitu.

Mionzi ya gama ina ujanja wake pia. Chombo huhesabu potasiamu, urani na thoriamu, lakini karibu yote kinachosikia hutoka sentimita 30 hivi za juu. Kwa hiyo kinasikia udongo kabla ya mwamba. Amani kuna mvua nyingi: potasiamu husombwa na maji, thoriamu hubaki. Umba ni pakavu, potasiamu bado ipo. Kwenye ramani potasiamu hupakwa nyekundu na thoriamu kijani, hivyo mwamba ule ule unaweza kuonekana mwekundu kwenye ramani ya Umba na wa kijani Amani, mtu akadhani ni koo mbili.

Halafu kuna genge la Mombo, yaani ukuta mkali wa mlima. Tambarare iko chini, na vilele vya Usambara Magharibi vinapita mita 2,000. Rubani wa ndege hawezi kuukumbatia ukuta ule. Akiwa mbali na jiwe ishara hupungua, na umbali huo hujifanya aina mpya ya mwamba. Helikopta hufanya vizuri zaidi, kwa gharama kubwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilipimwa kwa mistari iliyoachana takriban kilomita moja. Mkanda mwembamba wa marumaru ungeweza kupita katikati ya mistari miwili bila kuonekana. Baadaye baadhi ya maeneo yalipimwa kwa mistari iliyokaribiana. Takwimu hizo zinahifadhiwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.

Basi ukimkuta mtu kijitoni huko Maramba akigonga jiwe kwa nyundo, kisha analigusisha kipimo cha mkononi, hajapotea. Anakagua alama moja iliyoonekana kutoka juu, na bado ana nyingine kadhaa za kuzifuata kabla jua halijazama.