Kutembea pwani kwa daladala: yanayosemwa na yalivyo

Mjini Unguja ukisema Jumapili unakwenda Jambiani kutembea kwa miguu, utaulizwa mawili: unakwenda na gari ya nani, na kuna shughuli gani. Wengi tuliokulia Mjini tunaijua pwani ya mashariki kwa harusi, msiba na sikukuu. Kutembea kwa kutembea tu kunahesabiwa mambo ya watalii. Maneno yanayowazuia watu ni yale yale miaka yote, na ubaya wake ni kwamba yanamfanya mtu aogope yasiyo na maana, huku akisahau mawili ya kuangaliwa kweli: maji, na gari ya mwisho.

"Bila gari yako hutembei."

Gari yako ndiyo inayoharibu matembezi. Ukiiegesha Paje lazima urudi Paje, kwa hiyo unatembea nusu ya unachoweza halafu unageuka. Aliyeshuka kwenye daladala hana alichokiacha nyuma. Anateremka pwani Paje, anafuata mchanga kuelekea kusini, na akifika Jambiani au akichoka kabla, anapenya vichochoro vya kijiji mpaka barabarani. Barabara na ufuo vinakwenda sambamba. Katikati ni nyumba na minazi tu. Gari za Jambiani zenyewe hupitia Paje, basi popote atakapotokea yuko kwenye njia yake.

Wakikwambia ndani ya daladala mnabanana, hilo si dhana potofu, ni kweli. Utakaa goti kwa goti na ndoo ya mtu, na gari haiondoki mpaka ijae.

"Ukiwahi asubuhi, pwani utaikuta nzuri."

Hili ndilo linalowaharibia watu siku. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hufika kama mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Kizuri ni kwamba saa za bamvua hazibahatishwi. Unguja na Dar es Salaam, bamvua hupwa asubuhi kwenye saa nne hivi na kujaa kwenye saa kumi jioni, mwezi baada ya mwezi. Basi kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha kupangia safari. Ikiwa ni siku mbili za mwisho wa mwezi au mbili za mwanzo, au kuanzia mwezi 14 mpaka 16, panda gari ya saa moja asubuhi. Ukifika utaikuta bahari inatoka. Ikiwa ni mwezi 8 au 9, au 22 mpaka 24, asubuhi hiyo maji yako juu, na hayatakupa nafasi mpaka alasiri. Wavuvi na wachokoa pweza hawahitaji kuelezwa haya. Sisi wa Mjini ndio tunaofika na viatu mkononi tukashangaa mchanga umekwenda wapi.

Bamvua likipwa pale Jambiani, bahari hujivuta zaidi ya kilomita moja mpaka karibu na mwamba ambako mawimbi yanavunjika. Kinamama wanaingia kwenye mashamba ya mwani, wanainama kati ya safu za vijiti na kamba. Hapo mgeni hunogewa akaufuata mwamba. Maji yakigeuka hayaji kwa mstari kutoka mbele ukayaona. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo chini zaidi, na mkondo mara nyingi uko kati yako na nchi kavu. Unajiona uko pakavu, kumbe nyuma yako tayari ni maji ya kiunoni. Waangalie wenyeji: wakianza kubeba magunia yao na kuelekea kijijini, nenda nao.

Kaskazini mambo ni hayo kwa sura nyingine. Kutoka Nungwi kwenda Kendwa kwa mchangani ni mwendo mfupi tu maji yakiwa nje. Yakijaa, bahari inapiga ukingo wa jiwe na njia haipo. Itakubidi upande juu, utoke mpaka njia panda ya Kendwa, ungoje gari za Nungwi hapo.

"Gari za kurudi zipo tu."

Zipo, lakini fikiria zimewekwa kwa ajili ya nani. Gari nyingi za shamba, yaani za vijijini, hulala huko huko shamba. Alfajiri zinateremsha watu Mjini, wauza samaki na wenye mboga, wanafunzi, wanaokwenda hospitali, na mchana mpaka jioni zinawarudisha kwao. Mtembezi anakwenda kinyume na mkondo huo. Ndiyo maana jioni unaweza kusimama barabarani ukaziona gari tatu zikiingia kijijini zimejaa, na hakuna hata moja inayotoka. Gari ya mwisho ya kutoka Mjini kwenda kijijini si kipimo cha ile ya kutoka kijijini kwenda Mjini. Hii ya pili huisha mapema zaidi. Ukishuka tu muulize konda, "Ya mwisho ya kurudi Mjini inapita hapa saa ngapi?" Akikujibu saa kumi na moja, wewe uwe barabarani saa kumi. Ijumaa mchana usitegemee gari mpaka watu watoke msikitini, na Ramadhani hesabu kwamba kila dereva anataka kufuturu kwake.

"Jozani mpaka uende na kampuni ya utalii."

Lango la msitu wa Jozani liko kando ya barabara kuu ya kusini, kama kilomita 35 kutoka Mjini. Gari za Paje, Jambiani na Makunduchi zote zinapita mbele yake. Unamwambia konda "Jozani, shusha", unalipa kiingilio langoni, na unapewa wa kukuongoza. Hifadhi hii ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi na hadhi hiyo tangu 2004, ndiyo makao makubwa ya kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Mtazame mkono wake: kidole gumba karibu hakipo. Na ukimwona ameshika kipande cha makaa anatafuna, hajachanganyikiwa. Inadhaniwa makaa humsaidia kuondoa sumu ya majani anayokula. Usimpe ndizi, na usimsogelee ili upige picha. Ng'ambo ya barabara, upande wa Pete, kuna daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko. Watu wengi huondoka bila kulifika, na kwangu mimi ndilo bora kuliko msitu wenyewe.

"Ufuo ni wa mahoteli."

Zanzibar, kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, ardhi ya asili ni mali ya umma iliyo chini ya Rais. Hoteli imekodishwa tu. Kenya, Katiba ya 2010 inataja wazi kuwa ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mlinzi akikwambia usikae kwenye vitanda vyao, ana haki yake. Akikwambia usipite kwenye mchanga wa chini, hana. Tatizo la kweli ni kushuka: hoteli zimepangana ukuta kwa ukuta mpaka njia za zamani za wavuvi zinapotea. Shukia kijijini, usishukie hotelini, na pwani utaifikia bila kugombana na mtu.

Ila kijijini nako ni kwa watu. Salimia, wazee wape shikamoo yao, usikatishe kati ya kamba za mwani kama unapita uwanjani, na nguo ya kuogea ivae ukifika kwenye maji.

"Viatu vya nini pwani?"

Vya mawe makali na vile viumbe vya miba mirefu myeusi vinavyojibanza kwenye mashimo. Raba kuukuu zinatosha. Ndala zinabaki kwenye tope.

"Hayo ni ya Unguja tu."

Dar es Salaam, gari za Bagamoyo zinaondokea Makumbusho, na kutoka Bagamoyo mjini mpaka magofu ya Kaole ni kama kilomita 5, hesabu zile zile za maji kama utapita ufukweni. Mombasa, matatu za Mtwapa zinakuacha karibu na Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ambao msikiti wake mmoja umesimama pwani kabisa. Kutoka stendi ni mwendo wa miguu, na ukifika unaweza kuteremka mchangani hapo hapo. Beba maji ya kunywa.