Taa ya sola ya mvuvi: kaboni ni hesabu rahisi, chumvi ndiyo mtihani

Karabai kubwa, ile ya nguvu ya mishumaa 500, humaliza tangi lake la lita moja kwa saa nane hivi, yaani usiku mmoja wa kazi. Lita hiyo ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban kilo 2.5 za hewa ya kaboni. Hapo ndipo ninapoanzia kila taa mpya ya sola inapoletwa kukaguliwa. Silinganishi taa na taa, nalinganisha kazi: mwanga wa saa nane, juu ya maji ya chumvi, kwa miaka mitatu. Viwango vya ISO 14040 na 14044, vinavyoongoza tathmini ya maisha yote ya bidhaa, navyo vinataka utaje kazi kwanza. Wengi hupitia mbali hatua hiyo, wakajikuta wanapima uzito wa plastiki.

Chukua taa ya LED ya wati 10. Kwa saa nane inakula wati-saa 80. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 12.8 na ampea-saa 12, hubeba wati-saa 154. Ukitumia asilimia 80 tu ili isichoke mapema, una 123. Utengenezaji wa betri za lithiamu hukadiriwa mara nyingi kuwa kilo 60 hadi 100 za kaboni kwa kila kilowati-saa, kwa hiyo betri hii inafika na deni la kilo 9 hadi 15. Siku nne hadi sita bila karabai, deni limekwisha. Zidisha mara tatu kwa ajili ya paneli, kasha na nyaya: mwezi haujaisha.

Tatizo la hesabu hii ni kwamba hata taa mbovu inaifaulu. Ikifa baada ya miezi minane, kwenye karatasi bado imeishinda karabai. Dikoni, pale vyombo vinapotia nanga, mvuvi amesharudi kwenye mafuta ya taa na betri imetupwa mchangani.

Kinachoziua taa hizi Mombasa ni maji, na huingia kwa njia ambayo cheti hakikuipima. Alama ya IP67 maana yake taa ilizamishwa mita moja kwa nusu saa. Lakini jaribio hilo hutaka joto la maji na la taa yasipishane zaidi ya nyuzi 5. Mvuvi hafanyi hivyo. Taa imeshinda juani juu ya chombo, inachaji, kasha linaunguza mkono. Jioni wimbi linaimwagikia. Hewa ya ndani hupoa ghafla, husinyaa, na kufyonza maji kupitia mpira wa kuzibia. Kila jioni tone moja. Maji hukauka, chumvi hubaki, na chumvi ikishika unyevu wa usiku umeme hupata njia ambazo hazikuchorwa kwenye bodi ya saketi.

Jaribio la kuligundua halihitaji maabara. Yeyusha gramu 50 za chumvi katika gramu 950 za maji. Ndani ya taa weka kipande cha karatasi nyeupe kilichochorwa mistari kwa kalamu ya wino wa maji, ufunge. Ianike juu ya bati kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, kisha izamishe moja kwa moja kwenye ndoo ya maji hayo, nusu saa. Rudia siku kumi bila kuifungua. Wino ukitapakaa, taa imefeli, na kukaza skrubu zaidi hakutasaidia. Dawa ni kipumulio chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, ili kasha lipumue bila kufyonza. Wanaopaka silikoni kila mahali waangalie aina: ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, nayo hula shaba.

Skrubu ziwe za stenlesi 316. 304 hupata madoa ya kutu karibu na bahari. Ila skrubu hizo zikifungwa moja kwa moja kwenye kasha la alumini, alumini ndiyo italiwa. Utaona unga mweupe pembeni mwa tundu. Tia washa ya plastiki katikati.

Joto nalo. Watengenezaji wengi wa seli za betri hizi hawaruhusu kuchaji zikizidi nyuzi 45, na kasha jeusi lililofungwa, kwenye jua la kaskazi, linapita hapo kwa urahisi. Tenga paneli na betri. Betri ikae kivulini, paneli ndiyo iote jua. Kuhusu kasha la plastiki ya mahindi, PLA, linalosifiwa kuwa huoza lenyewe: hulegea karibu na nyuzi 60, na kuoza kwake kunahitaji mboji ya kiwandani yenye joto kama hilo. Baharini litabaki plastiki tu.

Sasa mwisho wa betri, ambapo majedwali ya tathmini hudanganya zaidi. Betri ya risasi hupata alama nzuri kwa sababu "hurejelezwa". Mombasa tunajua urejelezaji huo ulivyokuwa: Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwatia watu sumu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Lithiamu ya fosfeti haina risasi wala kobalti. Kwa sababu hiyohiyo mnunuzi wa vyuma chakavu haioni kuwa mali, basi haichukui.

Kwa hiyo betri iundwe ili itengenezeke ikiharibika. Ile ya volti 12.8 ni seli nane za ukubwa wa 32700, jozi nne zilizofuatana. Mara nyingi jozi moja ndiyo hufa. Fundi mwenye mita huijua: baada ya kuchaji na kupumzika saa moja, jozi nzima husoma karibu volti 3.3, iliyokufa iko chini ya 2.5. Abadilishe jozi hiyo, si betri yote, kwa seli za ukubwa uleule. Seli ziunganishwe kwa mikanda ya nikeli, maana vishikio vya springi hula kutu, lakini kati ya betri na bodi pawe na plagi, na kifuniko kifungwe kwa skrubu nne, bila gundi. Volti na aina ya betri zichongwe kwenye kasha lenyewe. Stika ya karatasi haimalizi mwezi kwenye chumvi, na fundi asiyejua anachaji nini ataichaji kama betri ya gari.